Lami ikifika, nani anajibu? Barabara ya RN3, Bugarama na kazi ya baraza la komini

Hudhuria mkutano wowote wa wakaaji kati ya Gitaza na Rumonge, hasa ule unaofanyika Jumamosi baada ya kazi za pamoja, na hutasubiri sana kabla ya barabara kutajwa. Mama mmoja atasema magari yanakimbia mno, na watoto wanavuka kwenda shule. Kijana wa pikipiki atamjibu kwamba tulilia miaka mingi kwa sababu ya mashimo, je, sasa tunataka kuyarudisha? Mwenye kibanda atakaa kimya mpaka asikie neno "kuhamisha", hapo atasimama. Mwishoni mkuu wa kilima atasema jambo ambalo kila mtu analijua: barabara hii ni ya taifa, sisi hapa hatuna mamlaka nayo. Basi mazungumzo yanaishia hapo na watu wanarudi nyumbani.

Alichosema mkuu wa kilima ni kweli, lakini ni nusu tu. Baraza la komini haliwezi kugusa lami. Linaweza kugusa karibu kila kitu kinachoikaribia lami: soko, kituo cha magari, njia ya miguu, mtaro, kichaka kinachoziba kona. Na kwenye barabara hii, watu wengi hukutana na gari pembeni, pale wanapouza, wanaposhuka na wanapovuka.

Kwanza tuelewane juu ya mahali. Bugarama tunayoizungumzia si ile ya Muramvya, penye njia panda ya RN1 na RN2 na soko la mboga ambalo kila msafiri wa Gitega analijua. Ni Bugarama ya upande wa Ziwa Tanganyika, ambayo hadi juzi ilikuwa komini ya mkoa wa Rumonge pamoja na Burambi, Buyengero, Muhuta na Rumonge yenyewe. Sehemu yake kubwa iko juu milimani. Chini, upande wa Magara, kuna ukanda mwembamba kati ya mlima na maji, na ndani ya ukanda huo vimebanana barabara, nyumba, migazi, shule, makanisa, misikiti na mialo ya samaki. Anayetaka kwenda ziwani anavuka RN3. Anayetaka kwenda shambani anavuka RN3. Mafuta ya mawese, mihogo na ndizi vinavyoshuka kutoka milimani kwa baiskeli au kichwani vinaishia RN3, na vinauzwa hapo hapo kwa sababu ndipo wanunuzi wanapopita.

Barabara hiyo inatoka Bujumbura, inapita Rumonge na Nyanza-Lac, inaelekea mpaka wa Tanzania. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kugharamia mradi mmoja wenye vipande viwili: upande wa Burundi, kukarabati kilomita 45 za Gitaza hadi Rumonge, upande wa Tanzania, kilomita 260 za Kabingo, Kasulu na Manyovu, pamoja na kituo kimoja cha forodha kwa nchi zote mbili mpakani Mugina na Manyovu. Msomaji aliyekaa Nyarugusu anaijua barabara ya Kasulu bila kuelezwa. Lengo la mradi ni bidhaa zipite haraka kati ya bandari za Tanzania na Bujumbura. Maana yake kwa mtu wa Magara ni kwamba malori mazito zaidi yatapita mbele ya mlango wake, na yatapita kwa kasi zaidi kuliko yale aliyoyazoea.

Hapa ndipo ubishi wa mikutano unapokosea njia. Watu wanajadili kama kwamba usalama na maendeleo ni vitu viwili vinavyogombana, na kila mmoja achague chake. Lakini mashimo hayakuwa usalama. Yalipunguza mwendo, ndiyo, ila pia yalimchelewesha mama mjamzito njiani kwenda hospitali, yakawalazimisha madereva kukwepa upande usio wao, na samaki waliharibika kabla ya kufika mjini. Kijana wa pikipiki ana haki ya kufurahia lami. Kosa ni kudhani kwamba lami inakuja na usalama wake ndani.

Tupige hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akishtuka kwa sekunde moja tu kabla ya kukanyaga breki, tayari ameshapita mita 22. Kwa mwendo wa 50 angekuwa amepita mita 14. Shirika la Afya Duniani linasema gari likimgonga mtu wa miguu kwa mwendo wa 65, hatari ya mtu huyo kufa ni zaidi ya mara nne kuliko kwa mwendo wa 50. Shirika hilo hilo linahesabu watu milioni 1.19 wanaokufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao hawako ndani ya gari: wanatembea, wako kwenye baiskeli au pikipiki. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya barabara.

Mlango unaofunguka katikati ya barabara

Kuna mambo mawili ambayo hayatajwi sana kwenye mikutano yetu, na yote mawili yanahusu upande.

La kwanza: Burundi magari hupita kulia, kama Kongo. Tanzania hupita kushoto. Tangu 2017, zaidi ya Warundi 200,000 wamerudi nyumbani kwa msaada wa UNHCR, wengi wao wakitoka Tanzania, na baadhi yao wako kwenye mwambao huu huu. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu, Nduta au Mtendeli amefundishwa akifika barabarani atazame kulia kwanza, kwa sababu huko gari la karibu linatoka kulia. Akifika hapa, gari la karibu linatoka kushoto. Anatazama upande ambao hakuna kitu, anaweka mguu. Kufundisha hilo kunahitaji nusu saa shuleni na nusu saa baada ya kazi za Jumamosi: tazama kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena, ukitembea pembeni mwa barabara, tembea upande wa kushoto ili uyaone magari yanayokujia. Hakuna mradi wala mfadhili anayehitajika kwa hilo.

La pili linahusu magari yenyewe. Magari mengi ya abiria hapa kwetu, Probox na Hiace, yameagizwa yakiwa na usukani upande wa kulia, yaani yametengenezwa kwa nchi zinazopita kushoto. Dereva ameketi upande wa ukingo wa barabara. Akitaka kupita lori haoni mbele mpaka achomoze karibu nusu ya gari lake, na kwenye kona za mwambao huu hilo ni kamari. Na mlango wa kuteleza wa Hiace uko kushoto. Gari likisimama pembeni upande wa kulia, abiria anashuka katikati ya barabara, na mzigo wake unateremshwa huko huko. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya ndagala mkononi anazunguka nyuma ya gari, haonekani na gari linalotoka nyuma, halioni pia. Rwanda ilizuia kuingiza magari ya usukani wa kulia tangu 2005. Burundi haiko hapo, na hakuna baraza la komini litakalobadilisha magari ya nchi.

Lakini baraza linaweza kuamua gari lisimame wapi. Kituo kilichotengwa nje ya lami, chenye nafasi ya gari zima kuingia na kutoka, kinamaliza sehemu kubwa ya hatari ya mlango ule. Kinahitaji kiwanja, mawe, changarawe, na makubaliano na chama cha wenye magari. Kiwanja ni jambo la komini. Mawe na nguvu za mikono ni jambo ambalo vilima vyetu vinalifanya karibu kila Jumamosi.

Nani ana mamlaka gani

Barabara za taifa ziko chini ya Wakala wa Barabara wa Burundi, ARB, uliochukua nafasi ya Ofisi ya Barabara ya zamani. Matengenezo yake yanategemea Mfuko wa Taifa wa Barabara. Alama, mistari na matuta juu ya RN3 huombwa kwa ARB. Mkuu wa kilima hawezi kuyaweka. Na tuseme wazi: tuta linalojengwa usiku na wakaaji wenye hasira, kwa udongo au magogo, bila alama wala rangi, linaweza kumwangusha mwenye pikipiki kabla halijampunguza mwendo mwenye lori. Hasira hiyo naielewa. Matokeo yake siyataki.

Polisi wa barabarani wana kazi yao: mwendo, ulevi, mizigo iliyozidi. Tanzania ina mfano ambao wengi wetu tumeuona kwa macho. Unapoingia kijijini kwenye barabara kuu kuna kibao cha 50, na mara nyingi baada yake kuna askari mwenye kifaa cha kupima mwendo. Madereva wanalalamika, wanaonyeshana ishara kwa taa, lakini mguu wanautoa kwenye mafuta. Kibao peke yake hakifanyi hivyo, bali ile hofu kwamba huenda leo askari yupo.

Baraza la komini nalo linapitisha bajeti na mpango wa maendeleo wa miaka 5, linaamua kodi za soko, linaamua soko lenyewe likae wapi. Kuanzia mwaka wa bajeti 2017/2018 serikali ilitenga faranga milioni 500 kwa mwaka kwa kila komini, zikipitia mfuko wa uwekezaji wa komini unaoitwa FONIC. Kwa hiyo mkaaji akiuliza "kuna pesa za kuhamisha soko mita 50 kutoka barabarani?", swali lake lina mahali pa kupelekwa. Linaingia kwenye mpango wa komini au haliingii. Lisipoingia, ndipo aulize kwa nini.

Ugumu mpya ni umbali. Sheria ya 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na komini kutoka 119 hadi 42, na ilianza kufanya kazi pamoja na uchaguzi wa 2025. Jina la Bugarama halimo tena katika orodha ya komini. Mkoa wa Rumonge nao haupo tena: Rumonge sasa ni komini ya mkoa wa Burunga, ambao makao yake ni Makamba, na Muhuta, penye Gitaza, ni komini ya mkoa wa Bujumbura. Yaani kile kipande kimoja cha kilomita 45, barabara moja, kona zile zile, sasa kimegawanywa kati ya mikoa miwili. Mtu aliyezoea kupanda hadi ofisi ya komini yake kwa miguu anakuta musitanteri yuko mbali zaidi na ana watu wengi zaidi wa kusikiliza. Faida ipo pia: komini kubwa ina sauti nzito zaidi mbele ya ARB. Ila sauti hiyo itasemea Magara kama watu wa Magara wamepeleka jambo lao likiwa limeandikwa.

Naandika "limeandikwa" kwa makusudi. Ofisa aliye Bujumbura akipokea barua inayosema "ajali ni nyingi sana kwetu", hana la kufanya nayo, kwa sababu barua hiyo hiyo inatoka kila mahali. Akipokea daftari linaloonyesha tarehe, saa, mahali, aina ya gari na aliyeumia (bila jina lake, kwa heshima ya familia), na akaona kwamba matukio mengi yako ndani ya mita 300 zile zile kati ya shule na mwalo, tena alfajiri, ana sababu ya kumtuma fundi. Daftari ni faranga chache, na mtu wa kulishika yupo kila kilima. Andika pia ajali ambazo hakuna aliyekufa, kwani hizo ndizo zinazoonyesha mahali ambapo kifo kinakuja. Alfajiri nimeitaja kwa sababu wavuvi wanarudi na ndagala kabla ya jua, na wanawake wanaonunua wanavuka gizani.

Wanaoogopa kuhamishwa

Nirudi kwa mwenye kibanda. Katika mikutano anaonekana kama kikwazo cha usalama. Lakini mwacheni aseme. Anauza pembeni mwa lami kwa sababu gari linasimama pembeni mwa lami. Ukimpeleka mita 200 ndani, na kituo cha magari kikabaki palepale, umemfilisi, na baada ya mwezi mmoja vijana wengine watakuwa wamechukua nafasi yake barabarani wakiwa na beseni za maembe kichwani. Soko na kituo huhama pamoja, au haviendi popote.

Tumeona Bujumbura jinsi mambo yanavyokuwa pale usalama unapoamuliwa bila wanaoathirika. Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya mji, kupunguza ajali ikiwa miongoni mwa sababu zilizotolewa. Maelfu ya watu wa kipato kidogo waliamka na njia yao ya riziki ikiwa imekatwa. Uhaba wa mafuta uliofuata ukafanya hata magari yaliyoruhusiwa yasionekane, watu wakatembea. Na dereva anayenunua mafuta kwa bei ya magendo hurudisha pesa yake kwa njia mbili tu: kubeba watu wengi kuliko viti, na kukimbia ili apate safari moja zaidi. Polisi akimkamata dereva huyo anafanya kazi yake, lakini kesho bei ya mafuta ni ile ile.

Kisha kuna nyumba na migazi iliyo ndani ya eneo la barabara. Katiba ya Burundi inasema mtu hanyang'anywi mali yake ila kwa manufaa ya umma, na kwa fidia ya haki inayotolewa kabla. Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo inataka miradi yake iwe na mpango wa fidia na mahali pa kupeleka malalamiko. Kwenye karatasi ni sawa. Kwenye ardhi ya Rumonge ni vigumu zaidi, kwa sababu hapa ndipo palipo na migogoro ya mashamba tangu watu walipokimbia 1972, wengine wakakaa juu ya mashamba yao, na wenyewe wakarudi miaka 30 na zaidi baadaye. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, iliundwa 2006 kwa ajili ya mashauri kama hayo. Shamba lenye watu wawili wanaosema "ni langu" linapopimwa kwa ajili ya barabara, fidia inaweza kwenda kwa yule aliyekuwepo siku ya kupima. Kama uko kwenye hali hiyo, usisubiri tingatinga. Peleka nakala za karatasi zako, hukumu au maandishi ya CNTB kama unayo, kwa mkuu wa kilima na kwa komini mapema, na uombe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala unayobaki nayo.

Wakimbizi na mkutano wa kilima

Mkimbizi hapigi kura kuchagua baraza la komini. Wengi wanachukulia kwamba basi na mkutano haumhusu. Lakini fikiria ni nani anatembea kwa miguu kwenye barabara hii. Januari 2018 maelfu ya Wakongo waliokimbia mapigano ya Fizi walivuka ziwa kwa mitumbwi na kushukia Rumonge na Nyanza-Lac. Mwaka 2025, Februari na tena Desemba vita ilipofika Uvira, makumi ya maelfu wengine waliingia Burundi. Wanaofika mwambao huu hawana gari. Wanabeba vyombo, wanatembea pembeni mwa lami, wanatafuta maji, wanatafuta kibarua kwenye mialo. Mvua zikija ni hivyo hivyo kwa wenyeji: maporomoko ya Gitaza ya Machi 2015, na mafuriko yaliyogusa zaidi ya watu 200,000 nchini kati ya Septemba 2023 na Aprili 2024 huku ziwa likipanda, yaliwatoa watu majumbani. Mtu aliyefukuzwa na maji huenda penye mwinuko, na mara nyingi mwinuko ulio karibu ni tuta la barabara.

Kwa hiyo mkimbizi anayeishi kwenye kilima ana haki ya kusema kwenye mkutano wa kilima kwamba mahali fulani si salama, na mwenyeji ana faida ya kumsikiliza, kwa kuwa mtoto wa huyu na wa yule wanavuka mahali pamoja. Daftari la ajali liandike wote bila kuuliza uraia.

Na ajali ikitokea, hili ni la kila mmoja: ita polisi waandike maelezo, yaani PV, hata kama dereva anatoa pesa ya kumalizana palepale. Bima ya gari kwa ajili ya watu wengine ni ya lazima Burundi, na bila PV bima hailipi. Faranga za palepale humaliza dawa za siku tatu. Mguu uliovunjika una miezi. Piga picha ya namba ya gari na ya karatasi ya bima iliyobandikwa kwenye kioo. Kama mgonjwa ni mkimbizi, mjulishe mhusika wa UNHCR au shirika linalowahudumia katika eneo lako, na uhifadhi kila karatasi ya hospitali.

Mabaraza yaliyochaguliwa Juni 2025 bado yana sehemu kubwa ya muhula wao mbele. Kwenye mkutano ujao, mkuu wa kilima akisema barabara ni ya taifa, mkubalie. Kisha muulize kituo cha magari kitakaa wapi, soko litahamia lini pamoja nacho, nani anashika daftari, na barua kwa ARB imeondoka tarehe ngapi.